Uwanja Haujafagiliwa

29 Novemba

Kila jioni mume wangu Alphonse aliniuliza, "Mama Jo, leo umeona nini?" Alikuwa ametoka kazini Bangboka, kwenye uwanja wa ndege wa Kisangani, amevua viatu, miguu iko juu ya kibao, nami nilimweleza: nani amepita, samaki wa sokoni wana hali gani, kuku yupi ametaga nyumba ya jirani. Yeye hakuwa na mengi ya kueleza. Kazi yake ilikuwa kusukuma ngazi hadi kwenye mlango wa ndege, kisha kuiondoa. Sasa jioni hakuna anayeniuliza. Nimeanza kuandika ili niliyoyaona yasibaki mdomoni.

Leo nimeona mti wa avoka umeanza kuangusha majani. Mvua zimepungua.

1 Desemba

Hakuna kitu.

4 Desemba

Majani yamefika mlangoni na siwezi kuyagusa. Katika ukoo wa Alphonse, watu wa mto upande wa Isangi, siku maiti anapotoka nyumbani ufagio unawekwa juu ya paa, na uwanja haufagiliwi tena mpaka matanga yatolewe. Mwenye kuyatoa ni mtoto wa kwanza. Anashusha ufagio, anafagia kutoka mlangoni mpaka barabarani, kisha anakaa kwenye kiti cha marehemu na wote wanamsalimia kama mwenye nyumba. Hapo mjane anavua nguo nyeusi. Kabla ya hapo mjane hagusi ufagio. Na akifagia mtu mwingine, kiti ni chake huyo mtu, na nyumba pia.

Mtoto wetu ni mmoja tu, Josué. Yuko Ufaransa, milimani, kwenye hoteli ya watu wanaokwenda kucheza na theluji. Alikwenda kusoma, akabaki kufanya kazi. Hakuwahi mazishi. Amesema atakuja mwezi wa pili kufagia.

7 Desemba

Constant alivuka mto kutoka Lubunga. Ni mdogo wake Alphonse, anafanya biashara ya mtoni, anapanda na kushuka kati ya hapa na Isangi. Aliniletea mbisi, samaki waliokaushwa kwa moshi. Alisimama katikati ya uwanja kwa muda mrefu, akatazama ukuta, paa, choo, kisha ukuta tena. Sikupenda namna alivyotazama. Aliuliza Josué anakuja lini. Nilimwambia. Akasema, "Mwezi wa pili iko mbali."

Alikaa kwenye benchi. Nilikipeleka kiti cha Alphonse ndani.

12 Desemba

Josué alipiga simu na Constant alikuwepo tena. Nikaweka sauti ili wote tusikie. Nilimuuliza mwanangu siku zake zinapitaje. Alisema anaamka kabla ya wageni, anachukua koleo na ufagio mkubwa, anaondoa theluji kwenye ngazi za hoteli na kwenye njia yote, maana usiku inaanguka tena na kufunika kila kitu.

Constant akainama karibu na simu.

"Josué. Unasema unafagia?"

"Ndiyo, tonton," akamjibu baba yake mdogo. "Kila asubuhi."

"Kutoka mulangoni mpaka barabarani?"

"Ndiyo."

"Na papa yako, bado hatuyamutolea matanga."

Josué akasema ule si uwanja wa papa, ni hoteli ya watu, na theluji si takataka, ni maji tu. Constant akasema maji au majani, ufagio ni ufagio na mikono ni ileile. Waliendelea hivyo. Safiya, jirani yangu, alikuwa anasikiliza toka upande wa pili wa ukuta wala hakuficha. Alisema kwa sauti kwamba marehemu atachanganyikiwa sasa, hatajua ni uwanja wake upi, ataamkia Ulaya bila koti. Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha niliona aibu, nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

16 Desemba

Josué alikwenda kwa bosi wake kumwambia kwamba hawezi kufagia mpaka matanga ya baba yake yatolewe. Bosi ni mama mwenye mvi. Josué alidhani atafukuzwa. Yule mama alimtazama, akamuuliza kama baba yake alikuwa mtu mwema. Akasema ndiyo. Basi akamhamisha.

Sasa anafanya kazi kwenye viti. Amenieleza: viti vinaning'inia kwenye kamba ya chuma na vinapanda mlima bila kusimama. Watu wanasimama na mbao zao miguuni, kiti kinakuja kwa nyuma, Josué anakishika kisiwagonge, wanakaa, wanapanda. Anawasalimu, halafu anashika kinachofuata.

Baba yake naye alikuwa anawapandisha watu wa kwenda juu, yeye anabaki chini. Sikumwambia. Angeona nasema vibaya.

25 Desemba

Nilikwenda misa. Nilirudi.

3 Januari

Joto. Majani yanakauka na yanalia ukipita. Safiya anafagia kwake asubuhi na jioni, na mstari wa ufagio wake unaishia kabisa pale uwanja wangu unapoanza, kama mtu amekata kwa kisu. Upepo ukivuma majani yangu yanahamia kwake. Hasemi kitu, anayafagia. Leo tu, alipoleta lituma, ndizi za kuponda, na pondu ya majani ya muhogo, alisema, "Sisi tunakaa eda, siku zikiisha tunatoka. Ninyi mnangojea ndege." Yeye alimzika Rashidi, mume wake, fundi wa nguo, miaka mingi iliyopita. Bado hataki kuuza cherehani ya marehemu.

10 Januari

Panya kwenye majani. Niliwasikia jana walipoanza kukimbizana.

14 Januari

Josué ametuma picha. Amevaa nguo nyekundu, ana mbao mbili ndefu miguuni na fimbo mbili mikononi. Mwenzake wa pale kwenye viti anamfundisha kuteleza. Safiya aliuliza anavua samaki wa aina gani huko. Nilitafuta uso wa baba yake kwenye picha, lakini miwani ilikuwa kubwa mno.

19 Januari

Constant alikuja, na tarehe imewekwa: 8 Februari. Josué atapanda ndege tarehe tano. Watu wa Isangi watakuja na mashua. Constant aliniuliza ni mifuko mingapi ya makala, mkaa wa kupikia, niliyo nayo, na kama paa halivuji. Kwa nini anauliza paa?

Alipoondoka nilitoa kiti cha Alphonse, nikakifuta, nikakirudisha ndani. Alphonse alikuwa akikihamisha kufuata kivuli. Asubuhi kilikuwa upande wa choo, saa za chakula chini ya avoka, jioni karibu na barabara. Ukitaka kujua saa, ungetazama kiti kiko wapi.

22 Januari

Ndoto mbaya. Sitaiandika.

27 Januari

Majani yamefika kwenye vifundo vya miguu. Watoto wa barabara wanaita nyumba yetu msitu. Mmoja aliniuliza kama kuna nyani. Nilimwambia yupo mmoja, anapika ndani. Walikimbia wakicheka, na uwanja ukawa kimya tena.

3 Februari

Josué ameandika. Bosi amekataa ruhusa. Theluji inaanguka sana, wageni ni wengi, hawezi kumwacha mtu yeyote aende. Anaomba tarehe isogezwe mpaka mwezi wa nne.

Nilimpa Constant simu asome mwenyewe. Alisoma polepole akisogeza midomo. Nilingoja aseme, "Bon, basi nifagie mimi." Yeye aliuliza kama kuna maji ya kunywa.

Mashua ya Isangi imekwisha kuondoka. Hakuna namna ya kuwarudisha.

6 Februari

Asubuhi Safiya alikuja anakimbia, yeye asiyekimbia kamwe, ameshika simu yake mbele kama sahani ya moto. Josué alikuwa ameweka video mahali pale ambapo kila mwenye namba yake anaiona. Safiya alidhani atanifurahisha.

Ulikuwa mlima wote mweupe, na anga la buluu tupu juu yake. Hapakuwa na njia wala alama ya mguu. Miti ilikuwa imeinama kwa theluji, kama akina mama waliobeba muhogo kutoka shambani. Kutoka juu alikuja mtu mwenye nguo nyekundu. Theluji ilimfika kiunoni. Kila alipogeuka ilipanda juu ya kichwa chake na hakuonekana tena, kulikuwa na moshi mweupe tu unaoteremka mlima, kisha anatokea, kisha anapotea. Alikuwa anapiga kelele kama watoto wanaojitupa kwenye maji ya mto Tshopo. Karibu na mwenye kumpiga video alianguka, akazama mzima. Alipoinuka nyusi zilikuwa nyeupe na mdomo umejaa theluji, na alikuwa anacheka. Alikuwa Josué.

Ndipo kwenye video pakatokea mlio mzito, mbali, nyuma ya mlima. Halafu mwingine.

Mimi na Safiya tulijikuta chini kati ya majani, mikono juu ya vichwa. Mtu wa Kisangani wa umri wetu, aliyepita katika vita, hamuulizi mwenzake mlio ule ni wa nini. Nilinusa vumbi, nikamtafuta Alphonse kwa mkono, maana siku zile alikuwa analala upande wa mlango. Simu iliendelea kucheka peke yake kwenye majani.

Constant alitukuta hivyo. Alikuwa amekuja na maturubai ya kufunika wageni. Alituinua mmoja mmoja, akaokota simu, akatazama. Alirudisha mwanzo, akatazama tena. Nilingoja maneno makali.

"Anajua kuanguka," alisema. Kisha baada ya muda, "Lakini leo hatumiki."

Sikuwa nimeliona hilo, kwamba leo hayuko kazini. Nilikuwa nimeona mtoto wangu anacheka, basi.

Constant alichukua simu yangu akapiga. Josué alipokea akihema, akidhani ni mimi, akaanza kueleza kabla ya salamu. Theluji imeanguka usiku na mchana bila kupumzika, barabara ya kuja mlimani ilifungwa hadi jana, na leo asubuhi anga limefunguka. Siku kama hii wanaingojea baridi yote. Watu wameamka kabla ya mwanga na kupanga foleni kwenye viti, matajiri na wapishi pamoja, kila mmoja anataka kupita mahali ambapo hajapita mtu. Theluji mpya haina uzito, alisema, ni kama unga wa muhogo uliochekechwa sasa hivi. Husikii miguu yako. Husikii chochote. Ile milio ni wafanyakazi wa mlima, wanalipua baruti asubuhi ili theluji mbaya iteremke yenyewe kabla ya kuangukia watu. Tusiogope. Aliongea mbiombio, kama alipokuwa mdogo na anatoka shule. Tangu baba yake alipougua sikumsikia akiongea hivyo, na nilitaka aendelee.

"Josué," Constant alisema. "Ni tonton."

Tulisikia upepo.

"Leo hutumiki?"

"Leo ni siku ya repos, tonton."

"Na bosi alikataa ruhusa."

Upepo tena. Kuna mtu alipita karibu naye akiimba.

"Hakukataa. Alinipatia. Hata leo ameniuliza sababu gani niko hapa bado. Ni mimi sikwenda."

Constant hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Juu ya nini hukukuja?"

"Huku papa hayakufa bado," Josué alisema. "Hakuna mutu anamujua, hakuna kitu yake hata moja. Nikimukumbuka, iko Bangboka, anasukuma ngazi yake. Bon. Nikikuja kukamata ule ufagio, nikifika nayo barabarani, itakuwa imeisha. Tonton, sitaki nikuwe mimi mwenye kumumaliza."

Constant alinipa simu.

Nilipaswa kukasirika. Watu walikuwa mtoni, mchele umenunuliwa, nimevaa nyeusi katika joto hili kwa ajili ya kumngojea. Nilitafuta hasira sikuipata. Maana tarehe tatu, niliposoma kwamba haji, moyo wangu ulikaa chini kama mtu aliyetembea mbali. Hilo sikuliandika siku ile. Miye pia sikutaka uwanja ufagiliwe. Majani yalipokuwa yanapanda nilikuwa najiambia namngojea Josué, na Josué huko mlimani alikuwa ananingojea mimi niseme basi.

"Jo," nilimwambia, "umekula?"

"Bado, mama."

"Teremka polepole. Kula. Tutafanya Jumamosi."

Alikuwa analia, nafikiri, au ni baridi. Kisha akamwita tena Constant. "Tonton, ufagie weye. Na ukae kwenye kiti. Nasema mimi, mutoto wa kwanza." Constant akamwambia arudie maneno hayo mbele ya Safiya, ili awepo shahidi asiye wa ukoo. Josué akarudia. Safiya akasema amesikia.

Baadaye Constant alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Aliniambia kwamba watu wa Isangi wanamuuliza kila safari kwa nini hafagii, kwa nini hachukui nyumba ya ndugu yake, mtoto amekwisha kuwa Mzungu. Kila safari amewajibu kwamba mtoto yuko njiani. Paa alikuwa analitazama kwa sababu mtoto akikuta paa linavuja angesema tonton alikuwa wapi. Alieleza haya yote akikwaruza udongo kwa kisigino, hakunitazama.

Miezi hii yote nimekuwa nikificha kiti mbele yake. Sasa hivi ndipo ninapokumbuka kwamba hakuwahi hata kukikaribia.

8 Februari

Ilifanyika.

Walikuja wengi kutoka Isangi, na wengine kutoka kijiji cha Yanonge. Constant alipanda kwenye kibao, akashusha ufagio. Njiti zake zilikuwa zimekauka, nusu zilivunjika mkononi. Alianzia mlangoni. Majani yalikuwa mazito chini, yameoza, na panya walitoka mmoja baada ya mwingine, akina mama wakapanda kwenye mabenchi, wakamtania kwamba ndugu yake alimwachia mifugo. Alicheka nao. Alipofika chini ya avoka aliacha kucheka. Alipokaribia barabara alikuwa anafagia kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, na mzee mmoja akamwita, Constant, maliza. Akamaliza.

Kisha akakaa kwenye kiti. Nilidhani sitaweza kutazama. Kwa nyuma shingo yake ni ya Alphonse, ile mikunjo miwili. Watu wakapita kumsalimu. Ilipofika zamu yangu nilimsalimu kama wengine, maana nyumba sasa ni yake. Alisema mbele ya wote kwamba yeye ana nyumba yake Lubunga, na kwamba hapa atakaa Mama Jo mpaka mwisho wake, na mwenye neno alitoe leo. Hakuna aliyetoa. Mzee mmoja wa Isangi alikohoa, lakini alikuwa anakohoa tangu asubuhi.

Safiya alinisaidia kuvua nyeusi. Gauni la kijani limekuwa kubwa.

9 Februari

Wameondoka wote. Uwanja ni mpana sana.

15 Februari

Constant alipita, akaziba paa.

21 Februari

Josué ameomba kurudi kwenye ngazi na koleo. Yule mama mwenye mvi amemkubalia. Anasema kwenye viti alikuwa na muda mrefu mno wa kufikiri.

2 Machi

Usiku ilinyesha mvua ya kwanza kubwa, na upepo. Asubuhi uwanja ulikuwa umejaa majani ya avoka, mabichi na makavu, yameshikana na udongo. Nilisimama mlangoni nikimngojea mtu. Ilinichukua muda kujua kwamba simngojei yeyote, na kwamba sasa naruhusiwa. Nilichukua ufagio mpya alioufunga Safiya.

Nilikuwa nimefika katikati Josué alipopiga.

"Mama, hiyo ni sauti gani?"

"Nafagia."

Nikamuuliza kama huko bado kuna baridi, akasema ndiyo. Nikamuuliza kama anaendelea kuteleza, akasema mara moja moja. Nikamwambia basi nimwache, majani yakikauka yatakuwa kazi zaidi.

"Usikate, mama," alisema. "Endelea tu. Weka simu mahali."

Nikaiweka juu ya benchi, nikaendelea kufagia mpaka barabarani.